Kabla hujalipokea gari la wagonjwa, piga magoti nyuma yake uangalie machela inaingiaje

FundiBodi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni fundi wa bodi. Kazi yetu karakana ni kuyageuza magari ya kawaida yawe ya wagonjwa, na yanayopita sana mikononi mwetu ni Land Cruiser mkonga na HiAce. Mteja akija anauliza king'ora. Anauliza taa, kiyoyozi, mtungi wa oksijeni utakaa wapi, maandishi ubavuni yatasomeka kwa mbali au la. Machela itapandaje, na ikishapanda itashikwa na nini, hilo haulizi. Wakati manesi na madereva viuno vinawaisha hapohapo mlangoni, na mgonjwa akidondoka anadondokea hapohapo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: kwa mazingira yetu, mashine ya umeme ya kupakia machela siyo kitu cha kwanza kununua. Cha kwanza ni urefu wa sakafu kuendana na machela, cha pili ni loki. Hivyo viwili vikikaa sawa, machela ya kawaida ya kusukuma kwa mikono inafanya kazi safi. Visipokaa sawa, hata ulete mashine ya bei gani utaumia tu.

Wazo la mgonjwa kuteleza kuingia garini si la juzi. Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, alikuwa na vigari vya farasi kwenye vita vya Italia mwaka 1797 ambavyo sakafu yake ilivutwa nje. Ilitembea juu ya vigurudumu vinne vidogo, ina godoro lenye kifuniko cha ngozi, na pembeni mishikio ya chuma ya kupitishia mishipi ya askari wakati wa kubeba. Miaka zaidi ya 200 iliyopita mtu alishakataa kumtupia majeruhi ndani kama gunia la mkaa. Halafu leo unaletewa gari jipya kabisa, ndani lina machela ya turubai na miti miwili, imelazwa juu ya benchi.

Tuje kwenye machela tunazozifunga. Ni zile za aluminiamu zenye miguu ya kujikunja. Nyingi zinatoka China, hasa Zhangjiagang kule mkoa wa Jiangsu, na za Ulaya tunazokutana nazo mara nyingi ni za Italia. Kanuni ya kazi ni moja. Upande wa kichwa kuna vigurudumu viwili vidogo vimechomoza mbele, viko juu kuliko magurudumu ya kutembelea. Unasukuma mpaka hivyo vidogo vikanyage sakafu ya gari. Hapo uzito wa mbele umeshahamia kwenye gari. Unabana kishikio cha kwanza, unasukuma, miguu ya mbele inagonga bampa na kujikunja kuelekea nyuma, magurudumu yake yanapanda sakafuni na yenyewe yanaanza kubeba. Miguu ya nyuma ikikaribia bampa unabana kishikio cha pili, nayo inajikunja, machela yote inazama ndani hadi loki ilie "ta!". Mtu mmoja anaweza, ila mgonjwa akiwa juu wawe wawili siku zote.

Sasa chukua tepu. Pima kutoka ardhini mpaka sakafu ya nyuma ya gari. Pima tena kutoka ardhini mpaka chini ya vile vigurudumu vidogo, machela ikiwa imesimama. Sakafu ikizidi hata sentimita 5, kila safari unanyanyua kichwa cha mgonjwa kwa nguvu za mgongo. Sakafu ikiwa chini, vigurudumu vinaelea hewani, na ukibana kishikio miguu ikaachia, mbele inashuka kwa kishindo. Land Cruiser iko juu, hilo linajulikana. Ukiongeza springi za nyuma ili lihimili barabara, sakafu inapanda tena, na machela uliyonunua jana haiendani na gari la leo.

Kuna mtego mwingine kwenye mkonga: kibao cha kukanyagia cha nyuma. Miguu ya machela inatakiwa igonge kitu kinachoteleza na kilichosimama wima. Ikigonga kibao kwanza inajikunja kabla ya wakati, au inanasa katikati, mgonjwa kichwa kiko ndani miguu iko nje, na ninyi wawili mmekwama mnaangaliana. Dawa ni kukirudisha kibao ndani, au kukifanya cha kukunja, na kuvalisha ukingo wa sakafu bati la stenlesi. Kazi ya siku moja karakana.

Wakati wa kushusha ndipo panapoogopesha zaidi. Kwenye ukingo wa sakafu panatakiwa pawe na kulabu ya usalama. Ukivuta machela, kulabu inadaka ile fimbo ya kwenye machela na kuizuia kabla vigurudumu vidogo havijaacha sakafu. Machela inasimama hapo, unaangalia kwa macho kwamba miguu yote imeshuka na imejifunga, ndipo unaachia kulabu. Hii kulabu ndiyo ya kwanza kung'olewa na madereva, wanasema inachelewesha! Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2009 Marekani, ulipitia ripoti 671 za matukio ya machela za magari ya wagonjwa zilizopelekwa kwa mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba kati ya 1996 na 2005. Zaidi ya nusu ilikuwa ni machela kuporomoka. Na hao ni watu wenye vifaa vizuri na mafunzo.

Halafu loki. Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka vilivyofungwa ndani, pamoja na machela na mtu aliye juu yake, vistahimili mshtuko wa mara 10 ya uzito wake: kwa mbele, kwa nyuma, kwa pembeni na kwa wima. Piga hesabu mwenyewe. Mgonjwa kilo 80, machela kilo 40, jumla 120. Mara 10 ni kilo 1,200. Sasa niambie zile skrubu za plaiwudi zinavuta nini hapo. Nimefungua gari lililokuja na bodi tayari kutoka nje ya nchi, loki ya machela imeshikwa na skrubu nne za mbao, chini yake hakuna chuma. Likikutana na lori pale kona ya Kitonga, machela inakwenda kumsalimia dereva.

Mashine za umeme nitazieleza nikiulizwa. Karibuni.

MzeeWaKijiwe

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Endelea fundi, leo tunasoma.

NesiZamuYaUsiku

Mkuu umegusa penyewe. Nifanyapo kazi (sitapataja) gari letu lina machela nzuri tu ya kukunja, ila mikanda ni miwili: kiunoni na mapajani. Mgonjwa kwetu analazwa kichwa kikielekea kwa dereva. Dereva akikanyaga breki, mgonjwa anateleza kuelekea kichwani, mikanda yote miwili inamwachia njia. Nimeshashika mabega ya mama mjamzito kwa mikono yangu njia nzima, drip ikining'inia kwenye dirisha. Mikanda ya mabega ndiyo inayozuia ule mteremko, na kwenye machela nyingi ninazoziona haipo, au ipo imefichwa chini ya godoro kwa sababu "inachukua muda".

La pili ni breki za magurudumu. Uwanja wa hospitali una mteremko. Ukisimamisha machela nyuma ya gari ili ufungue mlango, inaanza safari yake. Fundi, hizo breki zinarekebishika au ndiyo basi?

FundiBodi

Dada yangu, hilo la mikanda ya mabega liandikwe kwa wino mwekundu. Mikanda ya kuongezea inapatikana, ila ifungwe kwenye fremu ya machela.

Breki zinarekebishika. Mara nyingi ni mchanga na nywele zilizojisokota kwenye ekseli, siyo ubovu. Zifunguliwe, zisafishwe, na raba ya gurudumu ikishakuwa ngumu ibadilishwe. Grisi usipake kwenye kiatu cha breki, naona watu wanafanya hivyo.

BandariniMvita

Salaam kutoka Mombasa. Fundi, mbona unajisumbua na miguu ya kukunja? Weka rampu mbili za aluminiamu na winchi ya volti 12, machela ivutwe yenyewe. Kule Uingereza nasikia ndivyo wafanyavyo. Hapa kuna gari za safari zina winchi mbele.

FundiBodi

Ndugu yangu wa Mvita, wazo si baya, tulipigie hesabu. Sakafu iko sentimita 75 kutoka chini. Rampu ya mita 2.5 inakupa mteremko wa 0.3. Machela na mgonjwa kilo 120, kwa hiyo nguvu ya kusukuma ni kama kilo 36, ongeza msuguano fika 40. Watu wawili kwenye sakafu kavu wanaiweza hata bila winchi. Kwenye tope la masika, miguu yao inateleza kabla machela haijapanda. Ukifupisha rampu iwe mita 1.5, mteremko unakuwa 0.5, mgonjwa anajiona kama anapandishwa darini, na wewe chini yake una kilo 60 zinakusubiri uteleze.

Winchi inasaidia, lakini siyo ile ya gari la safari. Ile imetengenezwa kulitoa gari topeni, inavuta tani kadhaa. Machela ikinasa pembeni haisimami, itakata fremu kwanza. Ya kubebea watu inatakiwa iwe ya nguvu ndogo, iende polepole, na ikikosa umeme ishike palepale bila kurudi nyuma. Na hapo hujaniambia rampu ya mita 2.5 utaiweka wapi ndani ya mkonga. Kwenye HiAce ya paa refu inawezekana, ikikunjwa ukutani.

LeicesterMtanganyika

Nipo Uingereza, niliendesha magari ya wagonjwa wa kliniki, siyo ya dharura. Nithibitishe: rampu na winchi zipo, na magari mengi makubwa, kama yale ya Sprinter, yana lifti ya nyuma, sahani inayoshuka mpaka chini na kupanda na machela na mhudumu juu yake. Raha yake ni kwamba hakuna mtu anayenyanyua kitu. Karaha yake ni mwendo. Mvua inanyesha, mgonjwa anakulilia, na lifti inapanda kwa taratibu zake. Ikigoma, gari zima linatolewa barabarani hata kama injini ni nzima.

Ila kuna jambo nataka mlichukue huku. Sheria ya vifaa vya kunyanyulia ya mwaka 1998 inataka kifaa chochote kinachonyanyua watu kikaguliwe na mtaalamu kila miezi 6, na cheti kiwepo. Hakuna cheti, hakuna lifti. Je, huko nyumbani nani anaikagua machela baada ya gari kukabidhiwa?

FundiBodi

Hakuna, mkuu. Gari linaenda sevisi ya oili na chujio, machela haipo kwenye fomu. Ikifika kwetu inafika imeshakatika.

MwanaMinnesota

Wakuu, mimi ni mhudumu wa gari la wagonjwa hapa Minnesota, mzaliwa wa Kenya. Fundi nakuheshimu ila kwenye umeme nitakupinga kidogo.

Huku tulitoka kwenye machela zile ambazo miguu yote inakunjwa kwa pamoja. Magurudumu ya mbele yako ndani ya gari, mmoja ananyanyua upande wa miguu ya mgonjwa, mwenzake anakunja miguu ya machela. Yule wa kunyanyua anabeba karibu nusu ya mzigo wote akiwa amekunja kiuno. Zidisha kwa idadi ya wagonjwa wa zamu moja, na wagonjwa wa huku kilo 130 ni mtu wa kawaida. Wenzangu wengi wameacha kazi kwa sababu ya mgongo.

Sasa tunatumia Stryker, machela ya Power-PRO na kipakizi cha Power-LOAD. Machela inapanda na kushuka kwa haidroliki inayoendeshwa na betri. Kipakizi kiko kwenye reli sakafuni, unakivuta nje, unaingiza machela mpaka kishike, unabonyeza kitufe. Mikono yake inainua machela nzima na mgonjwa hewani, miguu ya machela inajikunja juu, wewe unasukuma tu ndani kama droo. Kikiwa ndani, kipakizi kinaichaji betri ya machela na pia ndicho loki. Kipakizi kimeidhinishwa kilo 395, machela kilo 318.

Na si hadithi za wauzaji. Austin, Texas, walipoleta machela za umeme, majeraha ya wafanyakazi yalipungua kwa zaidi ya nusu, utafiti ukachapishwa mwaka 2012. Niagara kule Canada walifunga machela na vipakizi vyote viwili, majeraha yanayotokana na machela yakashuka kwa asilimia 78. Wakaona kifaa kinajilipa kwa fidia zilizookolewa peke yake.

FundiBodi

Mkuu, hizo namba sizibishii, na mgongo wa nesi wa Tandahimba hauna tofauti na wa Austin. Ninachobisha ni mpangilio wa matumizi.

Machela hiyo ikiwa tupu ina kilo 57, sivyo? Kwenye lami na sakafu za saruji haina shida. Sasa gari limeishia barabarani, nyumba ya mgonjwa iko mita 200 ndani, njia ni mchanga na mizizi ya mikorosho. Magurudumu hayaendi, mnabeba mkononi: kilo 57 kabla hamjamweka mgonjwa. Machela yangu ya kukunja ni 40, na kwa hali hiyo hata hiyo naiacha garini, nachukua ile ya turubai.

Halafu mfumo wote, machela na kipakizi, ni makumi ya maelfu ya dola. Halmashauri ikipata fedha hiyo italeta gari la pili, na sitailaumu. Tena ukishafunga kipakizi, kinakubali machela ya kampuni yake tu. Hospitali ya rufaa ikibaki na machela yako usiku kwa sababu haina kitanda, wewe unarudi na nini?

Kwa gari lililo juu, mimi nafunga meza ya machela: sahani ya chuma juu ya reli, inavutwa nje, na ikifika mwisho inainama kuelekea chini ikisaidiwa na springi za gesi kama zile za mlango wa nyuma wa gari. Sehemu ya kupakilia inashuka, vigurudumu vidogo vinafika bila kunyanyua, unasukuma, sahani inarudi mlalo, unaiingiza ndani. Hakuna umeme. Kinachoharibika ni springi ya gesi na beringi, na vyote vinapatikana Kariakoo. Wazungu nao wanazo, wana mpaka kiwango chake, EN 1865 sehemu ya 5.

MwanaMinnesota

Hilo la kubaki na machela hospitalini ni kweli tupu, hata huku linatokea, ila tunazo za akiba. Na kwenye mchanga nakubali. Ila kwa Nairobi, Dar, Mwanza mjini, ambako lami ipo na zamu ni ndefu, bado nasema waanze kufikiria umeme.

FundiBodi

Mjini nakubali. Hata hivyo waanze na loki.

KijijiniKwetu

Mnaongea mambo ya reli na betri. Huku kwetu mjamzito akizidiwa tunapiga 115 ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, na gari la wagonjwa likiwa mbali inakuja teksi ya mtu. Machela hakuna. Mama anapanda kwa kushikwa mabega na mawifi zake. Huu uzi unatuhusu nini?

NesiZamuYaUsiku

Unawahusu ndugu yangu. Mama huyo akija kwa teksi mara nyingi akiondoka kwetu kwenda rufaa anapanda gari la wagonjwa, na hapo ndipo machela inaanza. Na hata kwenye teksi, siti ya nyuma, aingie kwa makalio kwanza, mtu mmoja ashike mgongo upande wa pili wa gari, alale kwa ubavu wa kushoto. Wasimvute mikono.

FundiBodi

Niongeze. Mwaka 2010 serikali ilitangaza pikipiki 400 za magurudumu matatu za kubebea wajawazito. Watu walizicheka sana. Kwa upande wangu wa kazi zina sifa moja ambayo mkonga hauna: kitanda kiko chini, usawa wa goti. Mgonjwa analazwa bila kunyanyuliwa hadi usawa wa kifua. Shida zake zilikuwa barabara na vumbi, siyo upakiaji.

DerevaWaHalmashauri

Fundi, uzi wako umenitoa kitandani. Nimeenda kupima sasa hivi na tochi ya simu. Mkonga, springi za nyuma ziliongezwa mwaka jana. Sakafu ni sentimita 84. Vigurudumu vidogo vya machela vipo 77. Kulabu hamna, matundu yake yapo. Loki ina bolti mbili, moja inacheza. Nifanyeje, maana bajeti hakuna?

FundiBodi

Safi sana kwa kupima. Leo usiku usiiguse springi.

Bolti inayocheza kwanza. Ingia chini ya gari uone kama nyuma yake kuna pleti ya chuma. Kama hakuna, weka pleti ya milimita 5 iliyovuka mpaka kwenye mhimili wa fremu, bolti za milimita 10 zipite zote mpaka chini, nati za kujifunga zenye plastiki ndani. Usichomelee, loki itahitaji kufunguliwa siku moja. Kulabu inachongwa kwa chuma cha mviringo, mpe fundi yeyote wa maana sampuli ya fimbo ya machela yako, ila usiitumie na mgonjwa kabla hujaivuta na viroba vya mchanga vya kilo 80 juu ya machela, mara nyingi, nusu ya hizo gari likiwa kwenye mteremko.

Sentimita 7 zilizobaki: geuza machela uangalie miguu kwa ndani. Baadhi zina matundu matatu ya kurekebisha urefu, na kiwandani wanaifunga kwenye la chini. Kama yako inayo, umemaliza kwa spana tu. Kama haina, nitumie picha ya miguu na ya bampa, na kile kibao cha kukanyagia kionekane.

DerevaWaHalmashauri

Matundu yapo, mawili siyo matatu. Picha natuma asubuhi, betri ya simu imebaki kidogo.